Majani yanaondoka ukifua? Choma uzi kwanza

Dada unayechapa majani halisi kwenye kitambaa kwa mvuke, uliyeuliza kwa nini alama za majani ya mkaratusi zilitokea vizuri kwenye shuka la mtumba, halafu ulipofua mara moja tu zikaondoka na maji: mimi ningeanza kwa kulichoma hilo shuka. Si lote, uzi mmoja. Ukiungua kama karatasi ukabaki majivu, ni pamba. Ukijikunja, ukayeyuka na kuacha kidonge kigumu, una poliesta mkononi, na hapo hata uchemshe msitu mzima hutaambulia kitu.

Kama ni pamba, basi umeruka maandalizi. Mkaratusi hushika wenyewe kwenye hariri na sufu. Pamba ni mbishi. Mimi natumia marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Naichemsha saa nzima na magadi kidogo na sabuni, mpaka ule wanga wa kiwandani utoke na maji yawe kama chai. Nikishasuuza, nailaza usiku kucha kwenye maji ya majani ya mpera yaliyochemshwa, kesho yake kwenye maji ya shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu. Siku mbili zimepita na jani bado halijagusa kitambaa. Wengi hapo ndipo wanapochoka.

Majani nayachovya kwenye maji ya misumari yenye kutu iliyokaa wiki mbili ndani ya siki, nayapanga upande wa mishipa chini, navingirisha kwenye kipande cha mpini wa fagio na kukaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kaza mpaka vidole viume. Palipolegea patatoka ukungu tu. Kisha mvuke saa mbili, na usifungue mpaka asubuhi, hata roho ikikuwasha.

Jani la mpera kwa kutu hutoa kijivu hadi cheusi. Mtiki tafuta machanga, yale ukiyasugua viganjani yanaacha wekundu.

Maji ya misumari yapime. Mwanzoni niliyamimina tu, kikatoka cheusi tii, nikajisifu. Baada ya miezi michache kitambaa kikachanika pale pale penye majani, kwingine kizima. Chuma kikizidi kinakula pamba.

Na kitambaa cha rangi ya bizari ya manjano usimuuzie mteja. Niliuza mtandio wa njano, ukapigwa sabuni ya mche, ukarudi na mabaka mekundu, na mwenyewe amefura. Hata usipogusa sabuni kali, jua litaupausha.

Aliyekushauri ushikishe rangi kwa mrututu (kopa salfeti), samahani mkuu, ile ni sumu, na maji yake unayamwaga wapi? Hata shabu na kutu, sufuria yake isirudi jikoni.

Choma huo uzi, ulete majibu.