Mgombea akikuahidi mafuta ya bei nafuu

Uchaguzi wa 2027 unanukia, na maswali yenu mengi wiki hii yanahusu ahadi za mafuta na umeme. Nimechagua manne.

*Mimi ni bodaboda hapa Changamwe. Anayetaka ubunge kwetu anapita vijiweni akisema tukimpa kura petroli itashuka. Nimwamini?*

Muulize ataishushaje. Mbunge hapangi bei ya mafuta. EPRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti kawi na mafuta, ndiyo huitangaza kila tarehe 14 ya mwezi. Ila usimwachilie hapo, kwa sababu Bunge hupitisha kodi, na kodi imejaa ndani ya kila lita. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwaka uliofuata, tozo ya kukarabati barabara nayo ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, hiyo ikiwa kazi ya wizara. Ukitia lita tatu alfajiri, shilingi 75 za tozo hiyo pekee zimeshaondoka kabla hujampakia abiria wa kwanza.

Kama alikuwa bungeni Juni 2023, alipigaje kura? Kama ni mgeni, atapunguza kodi ipi, na pengo ataliziba na nini? Asiyeweza kuitaja kodi hiyo kwa jina hajakuletea sera.

*Nakaanga mandazi Kawangware kwa stovu ya mafuta taa. 2022 tuliahidiwa nafuu, ruzuku ikaondolewa mara moja. Tulidanganywa?*

Dada, swali lako limenikaa moyoni. William Ruto aliapishwa kuwa rais tarehe 13 Septemba 2022, na katika hotuba ya siku hiyo hiyo akasema ruzuku ya mafuta imekula shilingi bilioni 144 na haiwezi kuendelea. Kesho yake petroli Nairobi ikatoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita. Kwenye kampeni alikuwa amesema kwamba angependa kumsaidia mzalishaji kuliko kupoza bei kwa mlaji, kwa hiyo aliyesikiliza kwa makini alidokezewa. Lakini kilichopigiwa ngoma mikutanoni ni kushuka kwa gharama ya maisha, na wengi mliondoka na hilo.

Nakubali kwamba ruzuku ya petroli ilimfaa zaidi mwenye gari kubwa. Mafuta taa ni habari nyingine. Yalibakishiwa sehemu ya ruzuku, na bado yakapanda shilingi 20, kufika 147.94. Tena tangu 2018 yanabeba tozo ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa kuwazuia wachakachuaji wasiyachanganye na dizeli. Yaani wewe mwenye karai la mandazi unalipia dhambi ya wahalifu wa malori! Sijamsikia mgombea wa upande wowote akiifanya tozo hii ajenda. Akija kununua mandazi kwako apigwe picha, mshike hapo hapo.

*Huku Lamu kuna mgombea anasema atafufua mtambo wa makaa ya mawe ili stima ishuke bei, na kwamba tabianchi ni mambo ya Wazungu.*

Si kweli. Waliokwenda kuupinga mtambo ule wa megawati 1,050 ni watu wa Lamu wenyewe, na Juni 2019 leseni yake ikafutwa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Stima yetu nyingi tayari inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Loiyangalani. Bili inalemewa zaidi na kodi, dizeli ya mitambo ya akiba, na mikataba inayowalipa wazalishaji hata umeme wao usipotumika. Amesema nini kuhusu mikataba hiyo?

*Sisi Turkana kila kampeni tunaimbiwa mafuta ya Lokichar. Tutayaonja lini?*

Yaligunduliwa 2012. Juni 2018 malori yakaanza kuyabeba kuelekea Mombasa, na mwezi huo huo wenyeji wakafunga barabara wakidai usalama na haki yao. Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka na mapipa 200,000 hivi. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa kaunti asilimia 20 ya mgao wa serikali, na jamii asilimia 5. Hiyo 5 haigawiwi mkononi. Inaingia kwenye mfuko wa amana, na bodi yake inaundwa na serikali ya kaunti kwa kushauriana nanyi. Kwa hiyo anayetaka ugavana aseme mapema: ataweka nani kwenye bodi hiyo, wanawake wangapi, na mfugaji wa Lokichar ataonyeshwa wapi hesabu zake?