Re: Gemu ya Resident Evil 7 inanipa kizunguzungu, naweza kumuona mhusika kwa nyuma?

Pole mkuu, mimi pia nilizoea ile kamera ya begani (unamuona mhusika kwa nyuma) ya Resident Evil 4 ya 2005, nilivyoingia ya 7 ya 2017, ambayo unaona kupitia macho ya mhusika, kichwa kikazunguka balaa. Kwa bahati mbaya ya 7 haina mwonekano wa nyuma, labda mod za PC (mafaili ya mashabiki ya kubadilisha gemu) ambazo ukijichanganya unaweza kudaka virusi au kuharibu sevu (hatua ulizohifadhi kwenye gemu), so kopi sevu zako kwanza. Ingia seting uzime kamera kutikisika, na kama uko PC panua upana wa kuona, kaa mbali na skrini. Ukishindwa cheza Resident Evil Village, gemu inayofuata baada ya 7, ile nyongeza yake ya kulipia ya 2022 inakupa kamera ya nyuma. Kizunguzungu kikiendelea hata ukizima gemu muone daktari.