Mama Kulwa Anajibu: Hesabu pumzi, kamasi ziache

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu watoto wadogo na masika. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake kuna jambo moja ambalo halikunipa usingizi tangu nilipoisoma.

*Shikamoo Mama Kulwa. Ninaishi Mabatini, juu kwenye mawe, chumba na sebule. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka mitatu na mdogo miezi tisa. Tangu mvua zianze mwezi Machi kamasi hazijakauka hata wiki moja. Huyu akipona yule anaanza. Mama mkwe amekuja kunisaidia, namshukuru, lakini anataka madirisha yafungwe kutwa, jiko la mkaa liingizwe ndani jioni watoto wapate joto, na mdogo alale na sweta mbili na kofia ya sufu. Duka la dawa wameniuzia antibayotiki ya maji mara mbili, sioni tofauti. Mkubwa hatoki nje, anaruka kwenye makochi, anamwaga kila kitu, siku nzima anataka katuni za kwenye simu. Jumanne nilimfokea mpaka akajificha nyuma ya mlango. Nikakaa chini nikalia. Nifanye nini? – Mama wa wawili, Mabatini*

Marahaba mwanangu, na pole sana mayu.

Nianze na jiko. Hayo mengine yanaweza kusubiri wiki, hili halisubiri jioni ya leo. Litoe.

Kulwa na Doto wangu walizaliwa mwaka 1997, na hawajatimiza miezi miwili mvua za El Niño zikatushukia. Tulikuwa Igogo, chumba kimoja. Nilikuwa na nepi za kitambaa ishirini na nne, na kamba ilivuka chumba kutoka nondo ya dirisha mpaka msumari wa kalenda. Usiku mmoja niliacha jiko chini ya ile kamba. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo, nikajiambia mkaa usio na moshi hauna neno. Niliamka usiku kichwa kinapasuka na miguu haina nguvu. Nikamnyanyua Doto, shingo ikaanguka nyuma, mwili umelegea kama kanga iliyolowa. Mume wangu alisukuma mlango tukatoka na watoto wote wawili mvuani, tukakaa juu ya jiwe mpaka Doto akalia. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto wakati huo, na bado nilifanya kosa hilo.

Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi. Ni hewa isiyo na rangi wala harufu, na inashika kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Mkaa mwekundu unaitoa hata kama huoni moshi. Mwenye kuivuta anaweza kusikia usingizi tu, na mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma. Pikia barazani, chini ya paa, hata kama mvua inakurushia matone mgongoni. Dirisha moja liwe wazi kiasi mchana, na usiku acha upenyo, ukiwa na chandarua juu ya kitanda.

Sasa baridi yenyewe. Mwanza si Makete. Usiku wa masika hapa hushuka mpaka nyuzi joto 18 hivi, na mtoto wa miezi tisa anatosheka na nguo moja zaidi ya ile unayovaa wewe ukasikia sawa. Usimpime kwa viganja, viganja vya mtoto huwa vya baridi hata akiwa hana shida. Ingiza mkono nyuma ya shingo, ushuke mgongoni. Pakiwa pa vuguvugu na pakavu, yuko sawa. Pakiwa na jasho, umemvalisha mno, na jasho hilo likipoa ndipo anapopata baridi ya kweli. Kofia ivuliwe akilala ndani.

Mafua hayaletwi na matone ya mvua. Yanaletwa na virusi, na virusi hupenda watu walioketi pamoja kwenye chumba kilichofungwa, wakikoholeana na kufutana pua kwa kanga moja. Mtoto wa umri wa watoto wako kuugua mafua mara sita mpaka nane kwa mwaka ni jambo la kawaida kabisa. Ukihesabu hivyo kwa watoto wawili, utaona kwa nini masika yote umeyaona kama ugonjwa mmoja usioisha. Antibayotiki haiui virusi, ndiyo maana hukuona tofauti. Usiinunue mara ya tatu. Mdogo mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na pua ikiziba mtilie matone ya maji ya chumvi yanayouzwa duka la dawa kabla ya kunyonya. Mkubwa mpe kijiko cha asali kwenye maji ya vuguvugu. Lakini asali isimguse mdogo mpaka atimize mwaka, hata ya kulamba kidoleni. Asali inaweza kubeba vimelea vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, na utumbo wa mtoto mchanga bado hauwezi kupambana navyo.

Kwa hiyo wingi wa kamasi usikutishe, wala rangi yake. Ninachotaka ujifunze wiki hii ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue kifua, shika simu yenye saa, uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, watoto wadogo hawapumui kwa mpangilio. Kwa mdogo wako, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa mkubwa ni 40 au zaidi. Kwa jirani yako mwenye kichanga cha chini ya miezi miwili, ni 60. Tazama pia chini ya mbavu. Pumzi zikifika idadi hiyo, au akivuta pumzi na pale panabonyea ndani, hiyo si mafua tena, hiyo ni dalili ya nimonia, na unakwenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Vivyo hivyo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilala usingizi ambao huwezi kumwamsha. Hesabu hata leo akiwa mzima, ili ujue pumzi zake za kawaida zikoje. Nimewafundisha kina mama hili kwa miaka 31 kwenye benchi la kliniki, na wapo walionijia baadaye na mtoto mkononi kuniambia walihesabu usiku wa manane wakawahi.

Akichemka mwili, usikubali mtu akuambie ni mafua tu. Huku Kanda ya Ziwa malaria ipo, na maji yanayosimama kwenye madimbwi na makopo baada ya mvua ni mazalio ya mbu. Mpeleke apimwe siku hiyo hiyo. Ni tone moja la damu ya kidoleni, na majibu hayazidi nusu saa.

Umesema mdogo ana miezi tisa. Je, amechanjwa surua na rubela? Kina mama wengi huahirisha kwa sababu mtoto ana kamasi au njia ina tope. Kamasi hazizuii chanjo. Angalia kadi leo, uone pia kama alipata matone ya vitamini A alipofikisha miezi sita. Chanjo ya pili ya surua ni miezi 18.

Mama mkwe sasa. Usishindane naye juu ya sweta. Anakumbuka watoto aliowaona wakifa kwa kifua, na jibu alilofundishwa ni joto. Siku ya chanjo nenda naye. Mpe yeye ambebe mtoto, mkae pamoja mbele ya muuguzi, nawe umuulize muuguzi habari ya jiko na nguo huku mama anasikia. Neno la mwenye koti jeupe litampunguzia uzito, hatakuwa ameshindwa na mkwewe. Kisha mfundishe kuhesabu pumzi, umpe kazi hiyo iwe yake. Nakuhakikishia atahesabu kuliko wewe.

Na huyu wa nyuma ya mlango. Mwanangu, kumfokea siku moja hakujamharibu. Chuchumaa uwe usawa wa macho yake umwambie, "Mama alikasirika, alikufokea kwa sauti kubwa, pole." Mtoto wa miaka mitatu anaelewa hayo vizuri sana. Halafu umtoe nje. Mvua ya hapa mara nyingi hutoka ziwani usiku na alfajiri, na kufika saa sita jua limechungulia. Subiri radi zinyamaze kabisa, umvalishe buti za mpira, mtoke hata kama kuna manyunyu. Mshike mkono, hayo mawe ya Mabatini yakilowa yana utelezi, na mitaro inayoshuka Mto Mirongo inajaa ghafla. Akanyage dimbwi. Arudi na tope mpaka magotini, umwoshe kwa maji ya vuguvugu, umpe uji. Saa moja ya hivyo itakupa jioni nzima ya utulivu ambayo katuni haziwezi kukupa.

Siku ambayo haiwezekani kutoka, mpe kazi ya kweli. Mwagie dagaa kwenye ungo atoe mawe na majani, achambue maharage, apange viazi kwa ukubwa. Wangu walikuwa wakicheza kibe kwenye chumba kimoja, mahali pa kujificha palikuwa nyuma ya pazia na chini ya kitanda tu, na kila mara walishangaa kuonekana. Kuhusu machozi yako, mwombe mama mkwe akae nao nusu saa kila siku baada ya chakula cha mchana, wewe utoke, hata ukakae kwa jirani bila mtoto mgongoni. Usiseme unakwenda dukani. Sema unakwenda kupumzika.

*Shikamoo mama. Mimi ni mvuvi wa dagaa, Kayenze. Mwezi ukiwa mkubwa hatuingii ziwani, hivyo siku hizo nakaa na binti yangu wa miaka miwili wakati mama yake anapeleka mzigo Mwaloni Kirumba. Mtoto anapenda maji kupita kiasi. Wenzangu wanasema mvua kubwa huosha ufukwe, kwa hiyo baada ya mvua ni salama kumwachia achezee pale pembeni. Ni kweli? – Baba wa Kayenze*

Marahaba baba. Nimefurahi barua kama hii kuandikwa na mwanaume, na ningependa zije nyingi.

Si kweli. Mvua haioshi ufukwe, inaushushia. Kila kilichokuwa vyooni na majalalani huko juu kinateremka na maji ya mvua mpaka pale pembeni. Isitoshe, maji ya kina kifupi yenye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Vijidudu hutoka kwa konokono na kupenya ngozi, havihitaji kumezwa. Binti yako akisimama kwenye maji kifundoni, inatosha.

Lakini usimnyime maji, maana naona ndiyo furaha yake. Chota maji uyaweke kwenye pipa lenye mfuniko, hakikisha hakuna konokono, yakae siku mbili. Vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa. Mmiminie kwenye beseni, umpe kikombe na chujio, ukae naye hapo hapo. Maji ya kunywa ni mengine, hayo chemsha.

Nasema ukae naye kwa sababu mtoto wa miaka miwili anaweza kuzama kwenye ndoo. Masika kila nyumba ina ndoo na sufuria chini ya paa kukinga maji. Akiinama kuchungulia, kichwa kinamvuta, na hapigi kelele. Zifunike, au zipandishe juu asikofika. Wewe uliyekesha ziwani usiku kumi na tano unaweza kusinzia mchana bila kujijua. Siku unayosikia hivyo, mpeleke kwa bibi yake kwanza, ndipo ulale.

Akiharisha, mpe maji ya ORS kila baada ya choo, na umpeleke zahanati akapewe vidonge vya zinki. Zinki hutolewa kwa siku 10 mpaka 14, umalizie hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Ukiona damu kwenye choo, au macho yameingia ndani, usisubiri.

*Mama Kulwa, habari za siku. Ninalea mjukuu wa miezi mitano hapa Sengerema, mama yake yuko kazini Geita, anarudi kila jioni. Nguo hazikauki. Namvalisha zina unyevu, na sasa ana wekundu na vipele kwenye makalio. – Bibi, Sengerema*

Njema dada yangu. Vipele hivyo vinaletwa na unyevu na mkojo kukaa kwenye ngozi. Mbadilishe kila anapolowa, muoshe kwa maji matupu, mkaushe kwa kumgusagusa bila kusugua, kisha alale makalio wazi juu ya kanga iliyokunjwa, mara tatu kwa siku, robo saa kila mara. Ndipo umpake mafuta mazito ya mgando. Poda acha, asije akaivuta puani. Vikitoa usaha au visipopungua kwa siku tatu, mpeleke.

Kuhusu nguo, kamulia kila nguo ndani ya taulo kavu kwanza, lizungushe kama unasokota kata ya kichwani. Kisha anika barazani upande ule upepo unakotoka, nguo zikiachana kiganja kizima. Malizia kwa pasi ya mkaa, ukiwashia nje na kupigia pasi huko huko nje, kwa sababu niliyomweleza mwenzako wa Mabatini. Mimi nilikuwa napiga zile ndogo tu, nepi na fulana, kisha naziweka kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Zikikaa kabatini masika, zinarudi kuwa mbichi kufika asubuhi.