Kisukari mijini: maswali yenu

Swali: Miaka yote nakunywa chai bila sukari. Kisukari kitanipata kweli?

Jibu: Kinaweza. Mafuta yakijaa tumboni, insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari kwenye damu, hufanya kazi kwa shida, kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, na likizidiwa sukari hubaki kwenye damu. Chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno. Kwa wanaume wengi hatari huongezeka kuanzia sentimita 94, kwa wanawake 80. Na soda je, umeacha?

Swali: Siumwi popote. Nipime ya nini?

Jibu: Kisukari aina ya pili hukaa mwilini miaka bila dalili. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2025 kwamba watu wazima milioni 589 wanaishi nacho, na zaidi ya 4 kati ya 10 hawajui. Wapo wanaokuja kugundua macho yameshafifia, au kidonda cha mguu kimegoma kupona. Inaniuma sana, maana kuanza ni tone la damu kidoleni tu.

Swali: Nilipima asubuhi kabla ya kula, sukari ikawa 6.4 (mmol/L). Nikaambiwa sina kisukari. Niko salama?

Jibu: Kisukari huna, huanzia 7.0. Lakini kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, 6.1 hadi 6.9 ni sukari iliyokwisha kupanda, na hapa ndipo juhudi zinapolipa kuliko popote. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia watu ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliomeza metformin, dawa ya kisukari, asilimia 31. Mwenye kilo 90 anatafuta kupunguza kilo 6 na ushee, na dakika hizo ni nusu saa ya kutembea kwa kasi, siku tano. Pima tena kila mwaka.

Swali: Baba na shangazi wanacho. Si nimesharithi?

Jibu: Umerithi hatari, ugonjwa bado. Anza kupima mapema. Hali kadhalika mama aliyewahi kupata kisukari cha mimba.

Swali: Jumamosi nafanya mazoezi, siku nyingine nakaa ofisini kutwa. Inatosha?

Jibu: Jumamosi usiiache, ila haitoshi. Inuka kitini kila nusu saa, na ukimaliza kula tembea dakika kumi: misuli ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu.