Fyuzi Hukaa kwa Betri, Si kwa Inveta

Wanangu, juzi nilipita Bamburi, hapa Mombasa, kuona kazi yenu ya kufunga sola. Kazi ilinipendeza: tranki ya kupitishia waya imenyooka, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa stima ya nyumba, imeangikwa sawasawa, lebo zimebandikwa kila mahali. Nikaitafuta fyuzi. Nikaikuta chini ya inveta, mita mbili na ushei kutoka kwenye betri. Nilipouliza sababu, nikajibiwa, "Hapo mwenye nyumba anaiona vizuri, mwalimu." Niliondoka bila kusema kitu kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa amesimama hapo, lakini usiku ule sikulala. Ndiyo maana naandika.

1. Fyuzi ya betri kazi yake ni kuilinda waya. Inveta ina ulinzi wake ndani. Waya haina kitu, na betri haijui huruma: betri moja ya volti 12 na ampea-saa 200 ikipigwa shoti inaweza kutoa zaidi ya ampea 2,000. Waya yoyote iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi.

Hili sikulisoma popote. Miaka sita iliyopita nilifunga mtambo mtaani Tudor kwa bi mmoja, mjane aliyekuwa akiuza barafu na juisi ya ukwaju. Stima ilikuwa ikipotea mchana, barafu inayeyuka, na riziki yake inamwagika sakafuni akiiona. Nikamfungia betri nne, safu mbili za betri mbili mbili kwa sirisi, yaani chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, zipate volti 24, na inveta ya wati 3,000. Ili wajukuu wasizichezee betri, nikazitia ndani ya sanduku la chuma. Nikatoboa tundu moja ubavuni, nikapitisha waya zote mbili hapo, chanya na hasi. Raba ya tundu sikuwa nayo. Nikasema nitakuja nayo kesho. Ukingo wa tundu lile ulikuwa mkali. Niliupitishia kidole, nikauhisi, nikaendelea na kazi. Hicho kidole ndicho ninachokikumbuka hadi leo.

Fyuzi ya ampea 200 nikaifunga chini ya inveta. Pale pale mlipoifunga nyinyi.

Kesho ile haikufika. Kila sanduku lilipofunguliwa kuongeza maji ya betri, waya zilisogea kidogo, na chuma kikazidi kuila plastiki. Mwezi wa nne, baada ya Magharibi, simu ikalia. "Mwanangu, sanduku lako linanguruma." Nilikuwa Makupa. Nikarukia bodaboda.

Nilipofika mambo yalikuwa yamekwisha. Ndani ya sanduku, waya kama nusu mita ilikuwa shaba tupu, plastiki yote imegeuka masizi. Kichwa cha betri moja, kile cha madini ya risasi, kilikuwa kimeyeyuka na kudondoka kama nta, na hicho ndicho kilichoukata mkondo, si mimi wala kifaa changu chochote. Pazia lilikuwa limeungua nusu. Bi alikuwa amelimwagia ndoo ya mchanga kwa mikono yake. Wajukuu walikuwa madrasa, alhamdulillahi.

Nikaenda kuifungua ile fyuzi. Nzima. Kile kibati cha ndani kinang'aa kama siku niliyoinunua. Mkondo wote ulitoka betrini, ukapita kwenye ukingo wa sanduku, ukarudi betrini, na fyuzi haikujua lolote. Bi akanitazama, masizi usoni, akauliza, "Sasa hicho kilikuwa cha nini, mwanangu?" Sikuwa na jibu la kumpa. Betri na pazia nilivilipa kwa miezi saba. Mtambo akampa fundi mwingine, na ilikuwa haki yake.

Kwa hiyo: fyuzi kwenye chanya ya betri, isizidi shubiri moja kutoka kwenye kichwa chake. Kama safu za betri ni mbili, kila safu iwe na fyuzi yake, maana safu nzima huweza kuimwagia safu mbovu umeme wake wote. Na waya isipite tundu lolote la chuma bila raba.

2. Ukubwa wa fyuzi haukisiwi. Wati 3,000 gawanya kwa 24, ni ampea 125. Lakini betri ikishuka hadi volti 22, na inveta ikipoteza asilimia 10 kwa joto, mnafika 152. Ongezeni robo: 190. Basi fyuzi ni 200, na waya iweze kubeba zaidi ya 200 katika joto letu hili la Mombasa. Mimi hutumia milimita mraba 70. Tudor nilitumia 35. Hata ningeiweka fyuzi mahali pake, waya ingeweza kupikika mtambo ukizidiwa kabla ya fyuzi kukatika.

3. Breka, ile swichi inayojikata yenyewe, ikiwa ya AC (stima ya kawaida) haikati DC (umeme wa betri na paneli). Stima ya kawaida, hezi 50, hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kufa. DC haipiti sifuri. Cheche huendelea kuwaka ndani ya breka hadi iyeyuke. Nunueni ya DC, na kama imeandikwa chanya na hasi, fuateni. Kwa betri za lithiamu wekeni fyuzi ya Klasi T, aina inayoweza kukata mkondo mkubwa sana.

4. Waya ikwaruzeni kwa kisu kabla ya kulipa. Kijana wetu mmoja aliniletea mita kumi, nyekundu nzuri, bei ya chini. Nikakwaruza uzi mmoja: juu shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa. Alitaka kulia, kwani pesa zilikuwa zake. Tulirudi dukani pamoja, tukabishana hadi adhuhuri, wakaibadilisha. Kwa chumvi ya bahari yetu hata shaba halisi huota kijani, basi lagi, vile vichwa vya kubana mwisho wa waya, ziwe za kupakwa bati, zibanwe kwa krimpa ya haidroliki, si nyundo, na vaselini ipakwe baada ya kukaza, si kabla. Lagi ikae moja kwa moja juu ya kichwa cha betri. Washa, ile pete bapa ya chini ya nati, iwe juu ya lagi.

5. Spana ifungeni tepu mpini wote. Betri iunganishwe kwenye chaji kontrola, kile kifaa kinachodhibiti chaji kutoka kwenye paneli, kabla ya paneli zenyewe. Betri mpya msiichanganye na kuukuu.

Jumamosi asubuhi tunarudi Bamburi kuihamisha ile fyuzi. Mwenye nyumba nimeshazungumza naye. Tutazima mizigo, yaani vifaa vyote vinavyotumia stima, kisha paneli, kisha betri. Njooni na krimpa na raba za tundu, na pete na saa ziacheni nyumbani.