Usimwite shangazi wa watu kioja

Mwaka wangu wa kwanza wa ushereheshaji nilikuwa na mdomo kuliko akili. Harusi ilikuwa Tanga. Shangazi wa bibi harusi aliingia ukumbini na sinia la zawadi kichwani, hakulishika hata kwa kidole, kiuno kikifuata ngoma. Vigelegele vikapasua paa. Nami, maiki mkononi, nikapaza sauti: "Jamani, tazameni kioja hiki!"

Nilidhani nasifu. Shangazi akatua sinia, akajifunga kanga vizuri, akanijia.

"Mwanangu, kioja mimi? Nimeota mkia?"

"Shikamoo shangazi. Ulimi umeteleza."

"Marahaba." Akarudi kuketi. Hakucheza tena mpaka keki inakatwa.

Tangu siku hiyo, kabla sijalitaja jambo linalotazamwa na watu, najiuliza: huyu anayetazamwa, ametaka kutazamwa? Kama kajipamba, kafanya mazoezi na kualika watu, sema tamasha. Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, ni tamasha: wanamuziki wanapanda jukwaani wakijua tumewafuata wao. Kioja ni kitu cha kushangaza, mara nyingi chenye kichekesho au fedheha ndani yake. Wakenya walipokiita kipindi chao cha vichekesho Vioja Mahakamani walijua wanachosema. Jaribu kukiita Tamasha Mahakamani uone kama kuna atakayecheka.

Sabasaba nayo ni maonyesho. Pale bidhaa zimepangwa uzikague, uulize bei. Ngoma zikipigwa jioni, hizo ni burudani tu. Na msibani, hata umati ukifunga barabara, neno tamasha liache nyumbani.

Ukiandika tangazo, andika "tamasha la" na "matamasha ya". Wapo wanaosema "tamasha ya", na mimi huwasahihisha hata kama ndio wanaonilipa.

Neno lenyewe limetembea. Asili yake ni Kiarabu, kwenye kitenzi cha kwenda kwa miguu. Waajemi wakalifanya matembezi ya kwenda kutazama. India lipo pia: huko Maharashtra ni jina la mchezo wa jukwaani wenye nyimbo na ngoma, na kwa Kihindi ukiambiwa usifanye tamasha, unakatazwa kuleta fujo mbele za watu. Kwa hiyo ukilisikia kwenye filamu ya Kihindi, usikimbilie kudhani kuna sherehe.

Hata kwetu linageuka likitiwa kejeli. Juzi alfajiri majirani wawili walishikana mashati bombani kwa sababu ya ndoo moja ya maji. Mama mmoja akasonya: "Wanajaza watu tu hawa." Mtoto wake, bado na kipande cha andazi mdomoni, akamvuta kanga: "Mama, twende mbele, tamasha hatulioni vizuri." Nilicheka peke yangu. Wagombanaji wote wawili wakanigeukia.