Uliza Ujibiwe: Zamani wanawake waliandika, au walikuwa wanaandikiwa tu?

Toleo lililopita nilidondosha sentensi moja tu, kwamba wanawake walikuwa wanatunga na kuchapisha vitabu hata kabla babu wa babu zetu hajazaliwa, basi tangu hapo simu yangu haijapumzika. Wengine mmeuliza kwa heshima, wengine mmekuja na ubishi kabisa. Nimechagua maswali matano.

Shikamoo dada. Mjomba wangu ni mtu wa vitabu sana, kasema zamani mwanamke kazi yake ilikuwa kusimulia hadithi jioni jikoni, kalamu ilikuwa ya wanaume, na kwa sisi Waafrika ndo kabisa. Nimekosa la kumjibu. Yupo hata mmoja? – Msomaji, Arua

Marahaba mwanangu. Mjomba mpe salamu, halafu mwambie akae vizuri.

Tuanze na wa lugha yetu hii hii. Kule kisiwa cha Pate, jirani na Lamu, alikuwepo Mwana Kupona binti Msham. Mume wake alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyesumbuana sana na sultani wa Zanzibar. Mwaka 1858 huyu mama tayari ni mjane, na anaumwa, ugonjwa umemshika mwaka mzima, akaona asije akaondoka bila kumwachia binti yake maneno. Akamtungia utenzi wa beti zaidi ya 100. Binti mwenyewe anaitwa Mwana Hashima.

Sisi Uganda tutamwelewa haraka maana ni kazi ya ssenga ile, yaani shangazi, kumkalisha msichana na kumwambia ndoa inaendaje. Wengi wakiusoma leo wanakasirika, humo anamwambia binti amnyoe mume, amtengeneze ndevu, amfukizie udi asubuhi na jioni, na mimi mwenyewe nilipousoma mara ya kwanza nilikifunika kitabu nikaenda kupika chai. Ila rudi mwanzoni uangalie anavyomwita mtoto: njoo ukae hapa mbele yangu, uje na wino na karatasi. Sasa niambie, unamwitishia mtu wino kama hajui kuandika? Anaitisha kama mtu anavyoitisha kisu cha kumenyea matoke, kitu kipo tu nyumbani. Mimi hapo ndo huwa nasimama, ndevu za bwana zitajijua.

Utenzi wenyewe ulizunguka miaka na miaka bila mashini yoyote, watu wananakili kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, wengine wanaubeba kichwani. Kitabuni uliingia karne ya 20, Alice Werner aliyekuwa anafundisha Kiswahili London ndiye aliyeushughulikia, na mwaka 1934 ukatoka kitabu kizima yeye na William Hichens.

Wa pili ni Sayyida Salme, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, kazaliwa 1844. Pale kwenye jumba la kifalme wasichana walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Basi yeye akajifundisha kwa siri, anachukua mfupa wa bega la ngamia, ule mpana, anaiga juu yake herufi za msahafu moja moja mpaka mkono ukakubali. Na ujuzi huo ulimletea balaa, maana mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao mwingine, nani unadhani alikuwa anawaandikia barua za njama? Binti wa miaka 15! Baadaye akakimbilia Ulaya, akaolewa na Mjerumani, akajulikana kama Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha Berlin kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Kitabu kizima.

Ukienda magharibi kule Sokoto, Nigeria ya leo, utamkuta Nana Asma'u (1793–1864), binti wa Usman dan Fodio, mwanzilishi wa dola ya Sokoto, anaandika mashairi kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, tena anafundisha wanawake ambao nao wanarudi vijijini kufundisha wenzao, wanaofundishwa wanayashika mashairi kwa moyo. Hao watatu wanamtosha mjomba kwa leo, akitaka wengine aniandikie mwenyewe.

Mimi nafanya baindingi hapa Nasser Road, nakunja, nashona, napiga gundi, vitabu vya risiti na vya shule. Mteja akiingia anauliza "fundi yuko wapi?" wakati fundi ndo mimi nimesimama mbele yake. Nataka kujua tu, hizo mashini za kuchapa zilipoanza huko Ulaya, wanawake walikuwemo au tumeingia juzi? – Fundi, Kampala

Nyabo, swali lako limenifurahisha kuliko yote. Mlikuwemo toka mwanzo.

Gutenberg alianza kuchapa vitabu kwa mashini Ujerumani miaka ya 1450. Haikupita hata miaka 30, mjini Florence, Italia, masista wa konventi ya San Jacopo di Ripoli wako kwenye karakana ya uchapaji, kati ya 1476 na 1484, na wao ndo wanapanga herufi. Wewe wa ofseti na kompyuta hebu fikiria kazi yenyewe ilivyo: kila herufi ni kipande kidogo cha madini ya risasi, unakiokota kwenye sanduku lenye vyumba vyumba, unakipanga kwenye kijiti kinyumenyume, mstari baada ya mstari, na ukikosea b na d umeharibu. Daftari la matumizi la karakana ile lipo mpaka leo na limeandika malipo ya hiyo kazi. Nashukuru aliyekuwa anaandika lile daftari, bila yeye tungeambiwa masista walikuwa wanasali tu.

Halafu kuna wajane. Miji mingi ya Ulaya vyama vya mafundi havikumpokea mwanamke hivi hivi, ila bwana akifa mjane anaruhusiwa kuendelea na karakana. Paris alikuwepo Charlotte Guillard, kafiwa na waume wawili, wote wachapaji, na yeye akaiendesha karakana mpaka alipofariki 1557, akitoa mavitabu makubwa ya sheria na ya mababa wa kanisa. Charleston, Marekani, Elizabeth Timothy alifiwa mwishoni mwa 1738, akalishika gazeti la mumewe bila kuliachia. Benjamin Franklin, ambaye alikuwa mbia wao, aliandika mwenyewe kwamba mume hesabu zake zilikuwa hazieleweki ila mama huyu alimletea hesabu safi kila robo mwaka. Na unajua gazeti lilikuwa na jina la nani? La mwanawe Peter, mtoto wa miaka 13. Mama anaamka alfajiri, analipa wafanyakazi, anatafuta karatasi, jina la mtoto ndo liko chini ya ukurasa. Kwa hiyo yule mteja wako anayeuliza fundi yuko wapi, ugonjwa wake una miaka mingi.

Yupo mwingine simwachi. Mary Katherine Goddard, mchapaji wa Baltimore, huko huko Marekani. Kazi zake alikuwa anaweka "M. K. Goddard", herufi tu, nani ajue kama ni bibi au bwana. Januari 1777, vita na Waingereza imepamba moto, kongresi ikampa achapishe Tangazo la Uhuru likiwa na majina ya waliotia sahihi, karatasi ya kwanza ya kuyaanika yale majina, karatasi ya hatari kweli. Siku hiyo chini akaandika jina lake kirefu chote. Mimi hapo huwa napigia meza.

Msidhani ilikuwa raha. Mwaka 1860 Emily Faithfull alifungua karakana London, Victoria Press, ikiajiri wasichana wa kupanga herufi, na wanaume wa kazi ile wakachukia, wakawa wanapaka wino viti ili gauni ziharibike na wanachanganya herufi kwenye masanduku makusudi. Wewe uliyewahi kukuta mtu kachanganya kurasa zako zilizokwisha pangwa kwa namba unajua hasira yake.

Kama waliandika kweli, kwa nini wengi walijificha kwenye majina ya wanaume? Si ni woga tu? – Baba wa mabinti watatu, Mbale

Mzee, woga upo, sikatai, lakini angalia walichokuwa wanaogopa. Mwishoni mwa 1836 Charlotte Brontë, Mwingereza wa miaka 20, alimtumia mashairi yake Robert Southey, mshairi mkubwa wa serikali ya Uingereza, na mwaka 1837 mzee akamjibu kwamba fasihi haiwezi kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke na haipaswi kuwa. Sasa wewe na mabinti zako, angekujibu hivyo ungesaini jina gani? Yeye na wadogo zake wawili walitoa mashairi 1846 kwa jina la Currer, Ellis na Acton Bell, wakalipia uchapaji wenyewe, zikauzika nakala mbili. Mbili! Mwaka uliofuata Currer, yaani Charlotte, akatoa riwaya ya Jane Eyre, na London nzima ikaanza kuulizana huyu Bell ni nani.

Jane Austen hakutumia jina la mwanaume, kitabu chake cha 1811 kiliandikwa tu kimetungwa na bibi mmoja, basi. Kabla ya hapo, 1803, alikuwa ameuza muswada kwa pauni 10 na mchapishaji akaukalia tu, familia ikaja kuununua tena 1816 kwa bei ile ile.

Na kuna la pesa ambalo watu hawalitaji. Uingereza mpaka 1870 mke alichokipata kwa kalamu kisheria kilikuwa cha mume. Caroline Norton alikuwa mwandishi wa kujulikana, ametengana na mumewe, hawaishi pamoja, na bado bwana anadai hela za vitabu vyake. Hapo mzee wangu jina juu ya kitabu lina faida gani kama hela inapita mlango mwingine?

(Mimi mwenyewe gazeti moja, sitalitaja, liliwahi kuniwekea "Bw." mbele ya jina. Nilipopiga simu wakasema walidhani, kwa sababu makala ilihusu bei ya mafuta.)

Na hapa Uganda je? – Mwalimu, Koboko

Mwalimu, hapa uchapaji ulikuja na mmisionari Alexander Mackay pale Natete mwishoni mwa miaka ya 1870, herufi zingine kazichonga za mbao kwa mkono wake, na wasomaji wa kwanza pale Buganda walianza na Injili za Kiswahili kabla Kiganda hakijawa tayari, jambo ambalo wanaosema Kiswahili kimekuja na wanajeshi wanalisahau. Shule ya wasichana ya Gayaza ilifunguliwa 1905. Barbara Kimenye alitoa hadithi zake za Kalasanda 1965, na katikati ya miaka ya 1990 Mary Karooro Okurut na wenzake wakaanzisha FEMRITE, chama cha waandishi wanawake, wanawake wanaandika na wanachapisha wenyewe. Hapo katikati kuna stori ndefu, nitailetea ukurasa wake.

Huo utenzi wa Mwana Kupona nimeupata kwa rafiki ila Kiswahili chake kinanishinda. Wewe uliusomaje? – Msomaji, Bombo

Ni Kiamu hicho, Kiswahili cha Lamu, usome kwa sauti polepole utaona kinafunguka. Nj yetu mara nyingi kwao ni nd, na l ya katikati inapotea. Kwa hiyo ukifika pale mama anaposema "Ndoo mbee ujilisi", ni "njoo mbele ukae". Usije ukadhani anamtuma mtoto maji.